Kutembelea mashamba ya mizabibu ya nyanda za juu za Victoria, Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunaishi Wodonga, mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales. Kila likizo inapokaribia, simu huanza kuingia kutoka Melbourne, Sydney, Nairobi, Dar es Salaam, na mara moja hata kutoka Muscat. Maswali huwa yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu marefu kuliko ninayoweza kutoa kwenye simu. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: ukija huku, fuata mwinuko. Idadi ya viwanda vya mvinyo ulivyovipitia haitakufundisha kitu. Ukipanda kutoka chini bondeni hadi juu na kuonja njiani, utauelewa mvinyo kwa siku moja kuliko kwa mwaka mzima wa kununua chupa dukani.

Eneo lenyewe liko wapi hasa?

Ni kaskazini mashariki mwa jimbo la Victoria, kwenye miteremko inayopanda kuelekea milima ya Alpi ya Australia. Wenyeji hupaita High Country. Ndani yake kuna maeneo matatu ya mvinyo wa hali ya hewa ya baridi unayopaswa kuyajua. King Valley ni bonde la mto King, linaloanzia Milawa na kupanda kupita Moyhu, Whitfield na Cheshunt hadi nyanda za Whitlands. Beechworth ni mji wa zamani wa dhahabu, uliojengwa kwa mawe ya matale. Alpine Valleys ni mabonde ya mito Ovens, Buckland, Buffalo na Kiewa, yenye miji ya Myrtleford, Porepunkah na Bright.

Jirani kuna Rutherglen, ambayo watu huichanganya na haya. Hiyo iko chini, kwenye tambarare yenye joto, na sifa yake ni mvinyo mzito mtamu wa zabibu za aina iitwayo Muscat, uliokaa miaka mingi kwenye mapipa. Ni mzuri sana, ila ni habari nyingine.

Kabla ya dhahabu, ng'ombe na zabibu, ardhi hii ilikuwa na wenyewe, wakiwemo watu wa Dhudhuroa, Waywurru na Taungurung. Kila kiangazi makabila yalipanda milimani kula nondo wa bogong, wanaojificha kwa maelfu kwenye nyufa za miamba. Mlima mrefu kuliko yote Victoria, mita 1,986, unaitwa Bogong.

Mbona mita 800 mnaita juu? Dodoma iko juu zaidi na ni joto.

Swali hili nalipenda kuliko yote, na wanaouliza zaidi ni Watanzania. Ni kweli, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ilhali mashamba ya juu kabisa ya King Valley yako kwenye mita 800 na kidogo. Tofauti ni umbali kutoka ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Whitfield iko karibu nyuzi 37. Huku jua la majira ya baridi hupita chini angani, siku huwa fupi, na mzabibu hulala kabisa, ukapukutisha majani yote na kubaki kijiti kikavu. Dodoma mzabibu haulali hivyo, ndiyo maana mkulima wa kule anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, na ukiikosa unasubiri mwaka mwingine.

Sasa ongeza mwinuko juu ya hayo. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Milawa iko kwenye mita 150 hivi. Ukifika Whitlands umepanda zaidi ya mita 600, na joto limepungua kwa nyuzi 4 hivi. Kwa mtu ni suala la kuvaa sweta. Kwa zabibu ni tofauti ya wiki kadhaa za kuiva.

Baridi inafanya nini kwenye zabibu?

Zabibu ikiwa mbichi ina ugwadu mkali, kama embe bichi. Kadiri inavyoiva, sukari inapanda na ugwadu unashuka. Kwenye joto kali mambo hayo mawili huenda mbio: sukari inajaa haraka, na ugwadu unateketea hata usiku, kwa sababu tunda linaendelea kupumua na kuutumia. Mvinyo unaotoka hapo huwa mzito, wenye kilevi kingi, na mara nyingine mdomoni unahisi umelala.

Kwenye baridi tunda linaiva polepole. Usiku ukiwa wa nyuzi 8 au 10, ule ugwadu unabaki. Harufu nazo hupata muda wa kujijenga: ganda la limau, tufaha la kijani, maua meupe kwenye mvinyo mweupe, cheri na pilipili manga kwenye mwekundu. Hiyo ya pilipili manga si maneno ya washairi. Zabibu za Shiraz zilizolimwa kwenye baridi hutengeneza kemikali iitwayo rotandoni, na ndiyo hiyo hiyo inayoipa pilipili manga ya Zanzibar harufu yake. Mara ya kwanza nilipoinusa kwenye glasi, nilikumbuka jiko la pilau kabla sijakumbuka mvinyo wowote.

Nianzie wapi ili nione huo mwinuko unaousema?

King Valley, bila kusita. Barabara ni moja, inafuata mto, huwezi kupotea.

Anza asubuhi Milawa. Hapo ndipo John Francis Brown alipoanzisha Brown Brothers mwaka 1889, na bado ni kampuni ya familia. Wana aina nyingi mno za zabibu, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima ulimi wako na kujua unapenda nini. Onja kidogo, usimalize hamu.

Kisha panda kwenda Whitfield, kama kilomita 50 kutoka mji wa Wangaratta. Bonde linaanza kubana, milima inasogea pande zote mbili, na unaona mashamba ya familia za Kitaliano yakifuatana: Dal Zotto, Pizzini, na mbele kidogo huko Cheshunt, Chrismont na Politini. Kaa hapa saa za mchana. Kula.

Alasiri chukua barabara ya kwenda Mansfield. Inapanda kwa kona kali mpaka Whitlands, na masikio yataziba kidogo. Huko juu udongo ni mwekundu na mzito wa asili ya volkano, wenzetu wa Kilimanjaro na Rungwe watautambua mara moja. Zabibu za huku huchumwa zikiwa bado na ugwadu mwingi, na nyingi huenda kwenye mvinyo wa povu. Simama Powers Lookout, utazame bonde lote ulikotoka. Jina ni la Harry Power, jambazi wa farasi wa karne ya 19 aliyejificha hapo. Polisi walimkamata mwaka 1870.

Kule Whitlands usitegemee kukuta vyumba vingi vya kuonjea. Ndiyo maana ukiwa bondeni uliza: "Hii zabibu imetoka mwinuko gani?" Wauzaji hupenda swali hilo. Watakuwekea glasi mbili za zabibu ya aina moja, moja ya chini na moja ya juu, na hapo somo linakuwa limekwisha kufundishwa.

Kwa nini Waitaliano wengi hivyo?

Kwa sababu ya tumbaku. Wasomaji wa Tabora na Urambo, hadithi hii ni yenu pia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, familia kutoka Veneto, Trentino, Calabria na Sicily zilihamia mabonde haya. Wengi walilima tumbaku, mara nyingi kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa makubaliano ya kugawana mapato, hadi walipoweza kununua mashamba yao. Ukiendesha kati ya Myrtleford na Whitfield utaona vibanda virefu vyembamba vya mabati na mbao, vingine vimeinama. Hayo ni mabani ya kukaushia tumbaku. Soko lilianza kudhoofika, na waliokuwa na macho ya mbali walipanda mizabibu mapema, wakiuza zabibu kwa viwanda vikubwa. Mwaka 2006 kilimo cha tumbaku Victoria kilifikia mwisho kabisa.

Walipojiuliza wapande nini, wengine walirudi kwenye zabibu za kwao: Sangiovese, Nebbiolo, Barbera, Arneis. Otto Dal Zotto, aliyezaliwa Valdobbiadene kwenye kitovu cha Prosecco, zabibu ya mvinyo mweupe wa povu, aliipanda King Valley mwaka 1999 na kutoa chupa za kwanza mwaka 2004. Leo barabara nzima ya bonde inajitangaza kwa jina la Prosecco.

Jina hilo limezua ugomvi. Mwaka 2009 Italia ilibadilisha jina la zabibu yenyewe likawa Glera, na kulifanya Prosecco kuwa jina la eneo linalolindwa. Wakulima wa huku wanasema walipanda zabibu iitwayo Prosecco na hawakuiba jina la mahali pa mtu. Suala hilo limekuwa sehemu ya mazungumzo ya biashara kati ya Australia na Umoja wa Ulaya. Mimi nasimama na wakulima: mzee aliyeibeba zabibu ya kijiji chake hadi upande wa pili wa dunia hawezi kuambiwa anaigiza.

Nionje nini? Mimi nimezoea mvinyo mtamu.

Wengi wetu tulianza hivyo, kwa mvinyo mtamu wa sherehe au wa altareni. Ukirukia moja kwa moja mwekundu mkavu (usio na utamu), utakunja uso na kusema hupendi mvinyo. Panda taratibu.

Anza na Prosecco. Ina povu, ni nyepesi, na kilevi chake ni asilimia 11 hivi. Ukikuta chupa imeandikwa col fondo, ijaribu: hiyo imeachiwa mashapo ya hamira ndani ya chupa, ina ukungu, na ina harufu ya mkate. Waliokulia kwenye mbege au ulanzi hawatashtuka kuona kinywaji chenye mashapo. Baadaye jaribu mvinyo mweupe wa Riesling au Pinot Grigio wa sehemu za juu.

Kwa upande wa mwekundu, Barbera na Sangiovese ndizo mlango, kwa sababu zina matunda mengi na ugwadu wa kupendeza, hasa pamoja na nyama yenye nyanya. Nebbiolo iache mwisho. Rangi yake ni hafifu, unadhani itakuwa laini, kumbe ina ukakasi wa kukaza ufizi kama ndizi mbichi. Inahitaji chakula na subira. Jina lake huhusishwa na neno la Kitaliano la ukungu, na ukiliona bonde la King saa moja asubuhi mwezi wa Aprili, limejaa ukungu kama maziwa kwenye bakuli, utajua zabibu hii imepata nyumba.

Beechworth ni mahali pa Chardonnay, zabibu ya mvinyo mweupe. Rick Kinzbrunner alianzisha kiwanda cha Giaconda huko mwaka 1982, na chupa zake hutafutwa na watu wa mbali. Wazalishaji wengi wa Beechworth ni wadogo na hupokea wageni kwa miadi tu. Usiende kugonga geti. Piga simu au andika siku kadhaa kabla. Kwa Alpine Valleys, tafuta aina ambazo hujawahi kuzisikia, kama Friulano, Schioppettino au Saperavi ya Georgia. Wakulima wa mabonde hayo ni wajasiri, na hapo ndipo nilipokunywa vitu vilivyonishangaza zaidi.

Nije mwezi gani?

Kumbuka majira huku yamegeuka: Desemba ni kiangazi, Julai ni baridi kali.

Mavuno huanza Februari chini bondeni na kuendelea hadi Aprili kule juu. Machi ni mwezi wangu: matrekta barabarani, harufu ya juisi inayochachuka, watu wamechoka ila wamechangamka. Wasumbue kidogo tu, hao wako kazini. Mwisho wa Aprili hadi Mei, Bright inageuka nyekundu na dhahabu kwa miti ya kigeni iliyopandwa mitaani, na mji unajaa. Weka nafasi ya kulala miezi kadhaa kabla.

Juni hadi Agosti kuna theluji Mount Hotham na Falls Creek. Ukipanda huko kwa gari katika msimu rasmi wa theluji, lazima ubebe minyororo ya matairi, hukodishwa njiani. Mashamba ya mizabibu chini yanakuwa vijiti vitupu, lakini vyumba vya kuonjea vina moto wa kuni na mwenye mali ana muda wa kukaa nawe. Nimejifunza mengi zaidi Julai kuliko mwezi mwingine wowote.

Septemba machipukizi hutoka, na hofu nayo. Hewa baridi ni nzito. Usiku inatiririka kutoka milimani kama maji na kutuama mabondeni. Sakitu moja ya Oktoba inaweza kuunguza machipukizi yote kwa usiku mmoja. Watu wa Makete na Njombe wanajua jinsi viazi vinavyogeuka vyeusi asubuhi. Ndiyo sababu nyingine ya kupanda kwenye mteremko: baridi inapita, haikai. Novemba kuna tamasha la chakula na mvinyo la King Valley, liitwalo La Dolce Vita.

Januari na Februari ni miezi ya hatari ya moto wa msituni. Pakua programu ya tahadhari ya VicEmergency na uiangalie kila asubuhi.

Moshi wa moto unaharibu mvinyo kweli?

Unaharibu. Majani na maganda ya zabibu hufyonza kemikali za moshi na kuzifunga pamoja na sukari, kwa hiyo unaweza kuonja tunda shambani usigundue kitu. Chachu inapofanya kazi, kufuli zinafunguka, na mvinyo unanuka jivu. Moto mkubwa wa kiangazi cha 2019 hadi 2020 uliwapata wakulima wa huku wiki chache kabla ya mavuno, na wengi hawakutengeneza mvinyo kabisa mwaka 2020. Ukiona orodha inaruka kutoka 2019 hadi 2021, usiulize kwa mzaha. Nyuma ya pengo hilo kuna mwaka mzima bila mapato.

Nafikaje?

Kwa gari kutoka Melbourne ni barabara kuu ya Hume, saa mbili na nusu hadi tatu mpaka Wangaratta au Milawa; Bright ni saa tatu na nusu hivi. Treni ya V/Line inaondoka kituo cha Southern Cross na kusimama Wangaratta ikielekea Albury, na kuna mabasi ya kuunganisha kwenda Beechworth na Bright. King Valley yenyewe ni vigumu bila gari au dereva wa kukodi.

Huku tunaendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wawe makini, hasa wanapotoka kwenye maegesho ya shamba ambapo hakuna gari jingine la kuwakumbusha. Jioni na alfajiri kangaruu na wombati huingia barabarani. Punguza mwendo na usikate kona ghafla kumkwepa mnyama.

Baiskeli ni njia nzuri mno. Reli ya zamani imegeuzwa njia ya lami kutoka Wangaratta hadi Bright, na tawi linalopanda Beechworth. Hakuna magari, na mteremko kutoka Beechworth kushuka ni raha tupu.

Nikionja glasi ndogo ndogo tu, naweza kuendesha?

Tupige hesabu. Kipimo kimoja rasmi cha pombe Australia ni gramu 10, sawa na mililita 100 za mvinyo wa asilimia 13. Glasi ya kuonjea ni mililita 30 hivi. Ukionja aina tano mahali pamoja umekunywa kipimo kimoja na nusu. Ukipitia mashamba matatu umefika vinne na nusu, na bado hujanywa glasi ya chakula cha mchana. Sheria ya Victoria kwa dereva mwenye leseni kamili ni kiwango cha pombe kwenye damu cha chini ya 0.05, kwa mwenye leseni ya kujifunzia au ya muda ni sifuri kabisa. Polisi husimamisha magari yote na kupima pumzi, hata kwenye barabara ndogo za mashambani.

Kwa hiyo ama muwe na mmoja asiyekunywa, ama mkodi dereva, ama uteme. Ndiyo, kutema. Kwetu kutema kinywaji ulichokaribishwa ni dharau, najua, na ilinichukua muda kuzoea. Huku chombo cha kutemea kiko mezani na wataalamu wote wanakitumia. Mwenyeji hataona vibaya hata kidogo.

Adabu za chumba cha kuonjea ni zipi?

Kibao barabarani kitaandikwa Cellar Door. Ingia, salimia, sema mko wangapi. Kundi la zaidi ya watu sita lipige simu mapema. Sehemu nyingi hutoza ada ya kuonja, na mara nyingi hurudishwa au hupunguzwa ukinunua chupa. Kunywa kwa mpangilio wanaokupa, mweupe kwanza. Usijipulize manukato makali wala udi siku hiyo, maana yatafunika harufu za glasi za wenzako.

Waaustralia huitana kwa majina ya kwanza, hata mzee mwenye shamba. Mwanzoni ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita mzee mmoja wa Whitfield "mister" kila sentensi mpaka akaniomba niache. Heshima huku inaonekana kwa kusikiliza na kuuliza swali la kweli.

Wanaohudumiwa pombe lazima wawe na miaka 18. Watoto wanakaribishwa karibu kila mahali.

Naweza kuingia shambani kupiga picha kati ya mizabibu?

Usiingie bila ruhusa. Nasisitiza kwa sababu wageni wengi hawajui wanachobeba kwenye viatu. Kuna mdudu mdogo, filoksera, anayekula mizizi ya mzabibu hadi unakufa. Australia aligunduliwa karibu na Geelong mwaka 1877, na sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Victoria imo ndani ya eneo rasmi lenye mdudu huyo. Anasafiri kwenye tope la viatu, matairi, hata nguo. Dawa ya kumuua haipo; mkulima hung'oa mizabibu na kupanda upya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili.

Piga picha kutoka kwenye nyasi au veranda. Ukiingizwa shambani na mwenyeji, kubali kusafisha viatu kwa dawa ya klorini. Na kama kesho yake unakwenda eneo lingine la mizabibu, badili viatu kabisa. Usichume hata shada moja la kuondoka nalo.

Familia yetu hatunywi pombe. Tuna la kufanya huko?

Tele. Rafiki yangu wa Muscat alikuja na mkewe na watoto wanne, hawakuonja tone, na walikaa siku moja zaidi ya walivyopanga. Milawa kuna jibini, haradali na mkate (kwa jibini, uliza kama kimeng'enya kilichotumika kugandishia kimetoka kwa mnyama). Beechworth kuna asali, na mtaa mkuu ni kama ulivyokuwa enzi za dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1852. Kwenye makaburi ya Beechworth nenda sehemu ya Wachina, uone minara ya kuchomea sadaka; maelfu walikuja kuchimba na wengi hawakurudi kwao. Ned Kelly, jambazi ambaye Waaustralia wengine wanamwona shujaa, alifikishwa mahakamani hapo Agosti 1880.

Watoto wapeleke Mount Buffalo, miamba mikubwa ya matale na maporomoko, na msimu wa theluji wanateleza kwa vigari vya plastiki. Majira ya kupukutika majani kuna njugu za chestinati zinazochomwa barabarani kama mahindi.

Nilale wapi, na nivae nini?

Kwa mvinyo tu, Whitfield au Milawa. Kwa familia, Bright. Kwa historia na utulivu, Beechworth. Bei nafuu zaidi ni Wangaratta, au hapa kwetu Albury na Wodonga, ambako kuna jumuiya ya Wakongomani na Kiswahili utakisikia sokoni. Beba koti hata Januari. Mchana unaweza kuwa nyuzi 32 na usiku ukatetemeka.

Na viza, na mizigo ya kuingia nayo?

Watanzania na Wakenya huomba viza ya mgeni ya daraja la 600 kabla ya safari. Hairuhusu kufanya kazi, hata ya kuchuma zabibu. Waliopita nchi zenye homa ya manjano wabebe cheti. Dagaa, asali, mbegu, nyama kavu: vyote vitangaze kwenye fomu ya kuingilia. Faini za kuficha ni kubwa na mbwa wa uwanja wa ndege hawakosei.

Chupa nizirudishe nyumbani vipi?

Ukinunua bidhaa za dola 300 za Australia au zaidi kutoka kwa muuzaji mmoja ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, unaweza kurudishiwa kodi uwanja wa ndege, na kwa mvinyo kuna kodi yake maalumu inayorudishwa pia, asilimia 14.5 ya bei uliyolipa. Omba risiti ya kodi, na ukiwa uwanjani onyesha chupa kwa maofisa wa forodha kabla hujakabidhi begi.

Upande wa nyumbani, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye miaka 18 au zaidi kuingia na lita 2 za mvinyo bila ushuru. Hizo ni chupa mbili za kawaida, na nafasi kidogo inabaki. Mama yangu ana njia yake ya kuzifunga: kila chupa ndani ya soksi nzito, kisha kanga mbili kuizunguka, katikati ya begi, mbali na magurudumu. Chupa za povu huzifunga kwa kanga tatu, na zikifika zikae siku chache kabla ya kufunguliwa.